Bawabu Hakuwa Mlangoni

Shati jeupe lilikuwa limetandazwa juu ya meza ya kituo cha polisi cha Kayanga, mikono huku na huku, na Koplo Gaudiosus alikuwa akilizungushia ncha ya kalamu kana kwamba anafundisha jiografia.

"Damu hii hapa, afande. Imeanzia begani, ikateremka mpaka ubavuni. Sasa tunangoja nini tena?"

Inspekta Xaveria aliendelea kulitazama shati. Alikuwa ametumwa kutoka Bukoba kwa kazi iliyoonekana ndogo: kulipitia jalada, kumchukua mtuhumiwa, na kuondoka naye kesho asubuhi kwa Landrova ya kituo endapo mafuta yangepatikana. Mtuhumiwa aliitwa Harerimana, bawabu wa Hoteli ya Mwangaza. Marehemu aliitwa Cassian, mpima ardhi. Jumapili alasiri alikutwa chumba namba nne, kifudifudi, amepigwa kisogoni kwa nyundo yake mwenyewe ya kupigilia vigingi. Jumatatu yake alitakiwa kusimama mahakamani aeleze mpaka wa shamba moja kubwa la Nyakatuntu ulipita wapi hasa. Shamba hilo lilikuwa la Bwana Rwekaza, tajiri wa Igurwa.

Rwekaza mwenyewe alikuwapo hotelini Jumapili hiyo. Lakini alikuwa ukumbini na mkewe, kiti cha mbele kabisa, mgeni rasmi wa mchezo wa kuigiza, akitazamwa na nusu ya mji. Kwa hiyo hakuna aliyemgusa. Aliyeguswa ni bawabu.

"Nieleze tena kwa nini ni yeye," Xaveria alisema.

Gaudiosus alivuta pumzi. "Jumamosi marehemu alimzaba kibao mbele za watu, kisa kachelewa kumfungulia mlango. Hiyo ni sababu tosha. Halafu yapo maneno yake mwenyewe, afande. Mlango wa kutoka ukumbini kwenda vyumbani ulifungwa mchezo ulipoanza, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mwenye hoteli, naye yuko ukumbini anatazama. Mlango wa jikoni walikaa mpishi Adventina na wenzake wakinyonyoa kuku. Umebaki mlango mkubwa. Na bawabu anaapa hakubanduka pale na hakuna aliyeingia. Kama hakuna aliyeingia, Cassian aliuawa na nani? Malaika?"

Xaveria aliinama juu ya shati. Alinusa. Alisugua kitambaa kwa vidole viwili, akavitazama. Jumapili ilikuwa imekwisha pita, leo ni Jumatano. Damu ya siku hizo zote ingekuwa imekauka ikawa rangi ya kahawia, na kitambaa kingekakamaa. Hili lilikuwa laini, na doa lake lilikuwa jekundu la kupendeza, pembeni limefifia kama ua.

"Koti lake liko wapi?"

Lilitolewa stoo, ndani ya gunia. Lilikuwa koti refu jekundu, kola iliyosimama, vifungo vya shaba safu mbili. Mjini Kayanga hapakuwa na koti jingine kama hilo, na kwa kweli wilaya nzima ya Karagwe haikuwa nalo. Xaveria alichukua leso yake nyeupe, akaichovya kwenye kikombe cha maji, akaigandamiza kwenye pindo la ndani ambapo haingeharibu kitu. Alipoiinua, leso ilikuwa nyekundu.

"Koplo, na hili koti nalo limeua mtu?"

Gaudiosus alitazama leso, akatazama shati, akafunga kalamu yake.

Xaveria hakumcheka. Alilisogeza koti dirishani. Mkono wa kulia ulikuwa na rangi nzito, mpya. Bega la kushoto na mkono wake vilikuwa vimepauka, na kuanzia shingoni kuteremka mgongoni ulipita mstari mweupe uliopindapinda, ule unaobaki maji yanapokauka juu ya nguo. Alilirudia shati. Doa lilikuwa kushoto tu.

"Alinyeshewa upande mmoja," alisema.

"Jumapili ilinyesha sana, afande. Sote tulilowa."

"Ulilowa upande mmoja?"

Koplo alilitazama bega lake mwenyewe.

Ndani ya mahabusu, Harerimana alikuwa amesimama. Wenzake watatu walikuwa wameketi sakafuni, lakini yeye alisimama kando ya mlango wa chuma, visigino pamoja, mikono nyuma, mtu mrefu wa miaka arobaini hivi mwenye mvi za mapema. Xaveria aliamuru atolewe, akakaa naye kwenye benchi la kituo.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Jumapili ulitoka mlangoni?"

"Sikutoka."

"Mvua ilikupata wapi?"

"Ilikuja na upepo. Inanipata pale pale."

"Nani alikuwa chini ya mwavuli?"

Kope za bawabu zilicheza mara moja. Hakuwa amelitegemea swali hilo. Alitazama pale maneno yalipokuwa yameangukia, sakafuni, kisha akainua uso ukiwa umefungwa tena.

"Sikutoka mlangoni, afande."

"Unajua kila ukisema hivyo unajivisha kitanzi mwenyewe?"

"Najua."

Alilisema taratibu, bila ubishi. Xaveria alikuwa amekaa na waongo wengi: wale wanaojificha nyuma ya uongo, na wale wanaousahau wakauanza upya. Huyu alikuwa amesimama mbele ya uongo wake na kuulinda usipitwe na mtu.

"Familia yako iko wapi?"

"Igurwa. Mke na watoto."

"Kwenu?"

"Sisi hatuna kwetu, afande. Baba alivuka mto na sisi tukiwa wadogo. Tunakaa kwenye kibanja cha watu. Tunapalilia migomba yao, wanatuachia pa kujenga."

"Watu gani?"

"Watu tu," alisema Harerimana, akainuka na kusimama tena, visigino pamoja.

Hoteli ya Mwangaza ilikuwa na vyumba vinane, ukumbi wa bati na bango lililoandikwa kwa mkono. Mwenyewe, Mzee Ndyamukama wa Muleba, alikuwa amefanya kazi ujanani katika hoteli kubwa ya Kampala, na kitu alichorudi nacho kutoka huko ni imani kwamba nyumba isiyo na bawabu si hoteli bali ni gesti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, waitu," alisema kwa adabu ya Kihaya, "karibu. Hata wa kukufungulia mlango sina, unaona mwenyewe. Wageni wanasukuma kama wanaingia zizini."

Xaveria alisimama mahali pa bawabu, kwenye kigae kilicholika kwa kukanyagwa. Juu yake kilitoka kibaraza kirefu cha bati, na pande zote mbili palijengwa kuta za matofali hadi mabegani.

"Mvua ya upepo inafika hapa?"

"Wapi! Nilijenga hivyo makusudi. Bawabu aliyelowa anatia aibu."

"Na koti lake, kitambaa ulikipata wapi?"

Mzee alikohoa. "Siku hizi kitambaa chekundu utakiona wapi, mama? Nilipata marekani nyeupe, nikamwambia fundi atie rangi. Rangi ya mikeka. Ni nzuri, ila haipendi maji." Ghafla akajitetea: "Lakini nilimkataza asilowe!"

"Mbali na kufungua mlango, kazi yake nyingine nini?"

Swali hilo lilimfurahisha. Alinyoosha mgongo. "Watu wanadhani bawabu ni mlinzi. Si mlinzi. Mlinzi anazuia, bawabu anapokea. Anachukua mzigo wako kabla hujaomba. Anajua jina lako, na anajua umekuja na nani, na akifika kwake amesahau. Mlevi anamtoa bila kelele. Na mvua ikinyesha, anampeleka mgeni mpaka garini, mwavuli juu ya mgeni, yeye anyeshewe. Nilimfundisha mwenyewe: mwavuli ni wa mgeni, si wako."

Halafu alisikia alichokisema. Mdomo ulibaki wazi.

"Lete huo mwavuli, mzee."

Ulikuwa mweusi, mpini wa mbao. Xaveria alimpa Gaudiosus, aliyekuwa amefuatana naye, akamwambia ampeleke hadi barabarani kama mgeni wa heshima. Koplo aliushika kwa mkono wa kulia, akamweka inspekta kulia kwake, akauinamisha juu ya kichwa cha mgeni wake. Walitembea hatua chache. Bega la kushoto la koplo lilibaki nje, juani.

"Nani alitoka ukumbini kabla mchezo kwisha?" Xaveria aliuliza waliporudi.

"Mimi nilikuwa natazama jukwaa."

"Uliketi karibu na mgeni rasmi. Hukuona kiti kikiachwa?"

Mzee Ndyamukama alianza kupangusa kaunta iliyokuwa safi. "Wageni wangu siwachungulii, waitu. Nikianza kuchungulia, nitafunga hoteli."

Alikuwa ameona. Na aliyemwona alikuwa mtu wa kuogopwa. Xaveria aliliweka hilo moyoni, akavuka barabara.

Ng'ambo, chini ya paa la duka lililofungwa, mama mmoja aitwaye Costansia alikuwa akikaanga senene kwenye karai. Ulikuwa Novemba, msimu wake, na Jumapili ile alikuwa hapo hapo amejibanza mvua ipite. Polisi walikuwa hawajamuuliza kitu.

"Nipimie kidogo, mama. Jumapili ulimwona bawabu akipita na mwavuli?"

"Nililiona koti," Costansia alisema huku akigeuza senene. "Mtu gani atatazama uso, kuna koti lile? Lilishuka kule ghala la kahawa. Likakaa sana."

"Likakaa?"

"Mimi nikasema moyoni, leo mlango wa Ndyamukama umekuwa wa bure. Ungeweza kuingiza ng'ombe."

"Kule ghalani kulikuwa na nini?"

Costansia alitazama kulia na kushoto, akamwaga senene kwenye karatasi, akaikunja kwa uangalifu kuliko ilivyohitajika. "Gari. Gari jeupe la Igurwa. Mama, mimi nauza senene tu. Usiniulize la nani, unajua la nani."

Xaveria alilijua. Gari jeupe Igurwa lilikuwa moja, Pijo la Rwekaza. Na mbele ya hoteli palikuwa na uwanja wa kuegesha magari kumi.

"Koplo," alisema wakirudi kituoni kuchukua Landrova, "mtu aliye na uwanja mbele yake, mawingu yametanda, anaegesha gari mbali kiasi hicho kwa nini?"

"Labda hakutaka lionekane."

"Limeonekana. Fikiria tena."

Gaudiosus alifikiria hadi walipofika njia panda. "Labda alitaka njia iwe ndefu," alisema hatimaye. "Bawabu achelewe kurudi."

"Sasa umeanza kazi," Xaveria alisema.

Nyumba ya Rwekaza ilikaa katikati ya migomba, kuta nyeupe, sakafu nyekundu iliyosuguliwa. Tajiri mwenyewe alikuwa amekwenda mnadani Isingiro na ng'ombe wake. Walipokewa na mkewe, Mama Eustadia, mwanamke mnene wa miaka hamsini, msalaba wa dhahabu shingoni, sauti ya upole. Uani kijana mwenye mikono minene alikuwa akiosha Pijo. Alikuwa Placidius, mtoto wa dada yake Rwekaza, ndiye dereva.

Xaveria alipita karibu na ua wa michongoma na kupunguza mwendo. Kitambaa cha kiti cha gari kilikuwa kimeanikwa juani. Kimoja tu, cha upande wa usukani. Vile vingine vilikuwa bado garini, vimechakaa na vumbi lake.

Chai ililetwa, na ndizi za kuchoma. Mama Eustadia alisikitika kwa ajili ya Cassian, akasikitika kwa ajili ya mama yake Cassian, akafanya ishara ya msalaba.

"Jumapili uliondoka ukumbini mapema, mama," Xaveria alisema, kwa sauti ya mtu anayekumbushia jambo linalojulikana.

Kikombe kilisimama njiani. Kilisimama kidogo sana, kisha kikafika mdomoni.

"Kichwa kiliniuma. Zile ngoma za waigizaji. Kuna kosa?"

"Hakuna. Bawabu alikusindikiza."

"Ndiyo, na mwavuli. Ni kazi yake. Amekuambia yeye?"

Xaveria alichukua kipande cha ndizi. "Gari lilikuwa mbali."

"Mume wangu hapendi lichafuliwe na watoto wa mjini."

"Pole kwa kutembea. Na huyu kijana, dereva, aliambulia kuuona mchezo hata kidogo?"

"Placidius? Hata! Alikuwa garini muda wote, hakushuka. Muulize bawabu, atakuambia."

Alijibu haraka, na alijibu zaidi ya alichoulizwa. Xaveria alilisikia jibu hilo kama mtu anavyosikia bati likigongwa na jiwe. Hakuna aliyesema dereva alishuka. Na mama huyu alikuwa na hakika kubwa mno juu ya jambo ambalo bawabu, aliyekuwa ndani tangu Jumapili, angelisema.

"Harerimana anakaa kwenye kibanja chenu, si ndiyo?"

"Tunawasaidia," Mama Eustadia alisema. "Watu hawana pa kwenda."

Walipokuwa wakiondoka, Placidius aliacha kitambaa chake cha kuoshea, akasema, "Shikamoo, afande." Nyuma yake, barazani, Mama Eustadia alikuwa amesimama wima akiwatazama mpaka Landrova ikapotea kwenye migomba.

Jioni jua likiwa bado juu ya vilima, Xaveria alimtoa bawabu mara ya pili.

"Hakuna siri tena ya kutunza. Mama Eustadia amekubali ulimsindikiza."

Harerimana alishusha mabega, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Amesema?"

"Amesema. Na amesema Placidius alikuwa garini muda wote. Ni kweli?"

Mabega yakapanda tena. Ilikuwa kama kumwona mtu akiinama kuutwaa tena mzigo ule ule.

"Kama mama amesema alikuwemo," alisema, "basi alikuwemo."

"Sikuulizi mama amesema nini. Nakuuliza wewe uliona nini."

"Afande, kesho mnanipeleka Bukoba. Mimi nitakwenda. Lakini wale watoto wanne watakula ndizi za nani?"

Xaveria alihesabu alichokuwa nacho. Alikuwa na koti, kitambaa cha kiti na mwanamke aliyejibu haraka. Hivyo havingemfikisha mahali mbele ya hakimu. Aliyeweza kusema gari lilikuwa tupu alikuwa mtu mmoja duniani, na mtu huyo alikuwa amekwisha kuamua kunyamaza.

Asubuhi Landrova ilikuwa imewashwa, mafuta yamepatikana kwa kuazima, pingu ziko tayari, Koplo Gaudiosus alipomwita kutoka nje.

"Afande, njoo uone."

Kwenye ngazi za kituo alisimama mwanamke mwembamba, kichwani amebeba mkeka uliofunga sufuria, blanketi na jembe bila mpini. Mgongoni mtoto, wengine watatu wamemshika nguo. Ilikuwa dhahiri wametembea tangu alfajiri. Miguu yao ilikuwa myekundu kwa tope hadi magotini.

"Mimi Uwimbabazi," alisema. "Nimekuja kumuaga mume wangu."

"Na mizigo hii?"

"Hatuna pa kuiacha." Aliitua taratibu. "Jana mlipotoka tu kwa Mama Eustadia, Placidius akaja na vijana wawili. Akasema kibanja kinahitajika, mume wangu amemsaliti mama. Nikamwambia, mume wangu yuko ndani, amemsaliti mtu vipi? Wakakata migomba ya nyuma ya nyumba. Halafu wakang'oa mlango, wakaondoka nao."

Xaveria aliitazama miguu ya watoto. Aliyaona yote mara moja, na hakupenda alichokiona. Jana alikuwa ameuliza kama mtu anayejua, na mama yule akaamini bawabu ametoboa. "Amekuambia yeye?" Ndivyo alivyouliza, naye Xaveria akatafuna ndizi, akamwacha aamini. Ilikuwa mbinu nzuri. Waliolipia mbinu hiyo ni hawa watoto wenye tope.

"Koplo, zima gari. Mlete Harerimana. Na usimfunge pingu."

Bawabu alitoka akipepesa macho kwa mwanga. Alimwona mkewe, akatabasamu kidogo. Kisha aliuona mkeka, sufuria, jembe. Tabasamu liliondoka polepole. Uwimbabazi alimweleza kwa Kinyarwanda, maneno machache. Harerimana aliuliza kitu kimoja, na kwa ajabu alikiuliza kwa Kiswahili, kana kwamba alitaka kila aliyekuwapo asikie.

"Mlango? Wameng'oa mlango?"

"Wameuchukua," mkewe alisema.

Alikaa kwenye ngazi. Alimpakata mtoto mdogo, akaanza kumtoa tope miguuni kwa kidole gumba. Hakuna aliyemharakisha. Gaudiosus, ambaye jana yake asubuhi angekuwa amekwisha mpigia kelele, alikuwa akitayarisha karatasi zake.

"Ule mlango niliuchonga mimi," Harerimana alisema. "Mbao nilizitoa Nyakatuntu, kichwani, mbili mbili." Akainua uso. "Andika, afande. Gari lilikuwa tupu."

Xaveria aliketi ngazi ya chini yake. "Anza mwanzo."

"Mvua ilipoanza, mama akatoka. Mwenyewe akaniambia nimpeleke. Nikasema, mama, ngoja dereva alisogeze gari, akasema hapana, twende tu. Tukafika ghalani. Gari limefungwa, hakuna mtu. Nikataka kurudi, akanishika mkono wa koti. Akasema, utaniacha nilowe? Nikasimama. Akaniuliza habari za watoto, mmoja mmoja, kwa majina. Tangu tukae kwenye kibanja chao hajapata kuniuliza hata mmoja. Niliona ajabu, lakini bawabu haulizi."

"Dereva alitokea wapi?"

"Kwa juu, njia ya hotelini. Anakimbia. Amelowa chapachapa, na shati amelivua, amelikunja, amelibana kwapani. Nikasema, mama, nirudi? Akasema, rudi, na usimwambie mtu nimetoka mapema, mume wangu ataona aibu mbele ya watu. Nikarudi. Nikasimama mlangoni. Kidogo tu, nikasikia Adventina anapiga yowe vyumbani."

"Hapo ukaelewa?"

"Hapo nikaelewa." Alimtazama mkewe. "Na polisi walipokuja kuniuliza, Mama Eustadia alikuwa amerudi, amesimama kwenye umati. Hakusema kitu. Alinitazama tu."

Gaudiosus alimsomea maelezo yake, neno kwa neno, na Harerimana akatia sahihi kwa mwandiko mzuri kuliko wa koplo.

Saa hiyo hiyo Landrova ilielekea Igurwa badala ya Bukoba. Placidius aliwaona wakiingia uani, akatupa macho kwenye njia ya migomba, lakini Gaudiosus alikuwa ameshuka kabla gari halijasimama. Hakupigana. Alipoonyeshwa kitambaa cha kiti, ambacho katika mishono yake bado kilikuwa na ukingo wa rangi ya kahawia, aliketi chini pale pale.

"Niliambiwa nichukue ramani zake tu," alisema. "Akaamka. Mimi sikujua ataamka."

"Nani alikuambia?"

Placidius alimtazama mke wa mjomba wake. Mama Eustadia alikuwa barazani, msalaba wake kifuani, na kwa mara ya kwanza hakuwa na jibu la haraka. Aliomba kubadilisha viatu. Xaveria alimruhusu, akamsindikiza mpaka chumbani na kurudi naye. Kuhusu Rwekaza mwenyewe, alijua nini na tangu lini, hilo angemuuliza leo hii atakaporudi kutoka mnadani, na alikuwa na hamu kubwa ya kumsikia.

Walipokuwa wakiwapakia, Xaveria aliona kitu kimeegemezwa ukuta wa zizi, nyuma ya mafungu ya nyasi. Mlango wa mbao nne, bawaba zikiwa bado na misumari iliyopinda na udongo wa ukuta uliokuja nao.

"Uingize, Koplo."

"Ni kielelezo, afande? Niandike namba?"

"Hapana. Huo una mwenyewe. Familia italala kwenye stoo ya kituo mpaka nizungumze na Ndyamukama, lakini mlango utaondoka hapa leo."

Ndani ya Landrova hapakuwa na nafasi. Waliulaza kwa urefu, juu ya magoti ya Placidius, na kwa kuwa barabara ya Igurwa ilikuwa na mashimo, na kila shimo lilitaka kuutupa nje, ilimbidi aukumbatie kwa mikono yake miwili yenye pingu mpaka Kayanga.